Sakiti Isiyoguswa Sabato

Nimestaafu. Cheka kama unataka, Omogaka mwenyewe alicheka mpaka akashika meza. Nina miaka thelathini na mbili, na daktari ameniambia kifua yangu na moshi ya solda haziwezi kuishi nyumba moja. Kwa hivyo sasa mimi ni mtu wa majani chai huku kwetu Nyamira, na nyinyi wawili mnaobaki kwa kibanda ya kutengeneza redio pale soko ya Daraja Mbili ndio mmerithi meza, vyuma, na wateja wenye vichwa ngumu kuliko hivyo vyuma. Nawaandikia ili msije mkaharibu kile tulitengeneza. Mambo ya cheo siandiki. Kwa kibanda ya mabati cheo ni moja tu, kukalia kiti yenye miguu yote.

Hii kazi sikusomea popote. Nilikuwa nafungua redio za watu wa nyumbani. Zingine zilirudi kuimba, zingine kuku walitagia ndani. Nikakuja Kisii mjini nikijiona fundi kamili. Omogaka Ondieki alikuwa amekaa vile mnamjua, miwani kwa paji la uso, chai kando. Omogaka ni vile sisi Wagusii tunamwita mwanaume mkubwa wa kuheshimiwa, na yeye hiyo heshima alikuwa anaidai hata kwa wapita njia. Hakuniuliza jina.

"Unajua kuunganisha?"

"Najua."

"Hiyo acha kwanza. Keti hapo, toa."

Akanisukumia rundo la bodi zilizokufa. Nilipaswa kutoa kila kitu juu yake, rezista, kapasita, chip, bila kuunguza mguu hata mmoja. Wiki nzima natoa tu. Mimi damu yangu inachemka haraka, mnajua, nikamwambia sikutoka Nyamira kuja kunyonyoa kuku.

"Kwani kwenu mnakula na manyoya?" akasema. "Nyonyoa."

Nikanyonyoa. Baadaye nikaanza kupewa spika za wale wa mitumba, zile wanapigia kelele siku ya soko. Mtu anaweka spika chini ya jua, anaimwagia soda, anaisukuma kwa teke ikikohoa, halafu anakuletea akisema "sijui ilianza aje." Hao watu bado wapo. Msiwaamini. Fungua kwanza, uliza baadaye, na jibu lake usilisikize.

Vyombo vya Omogaka vilikuwa vichache na vizee: chuma cha solda chenye mkono umefungwa kamba ya katani, bisibisi tatu, na mita ya sindano iliyopasuka kioo. Kuna kijana wa kibanda jirani alikuwa anapita na mita yake ya namba akiitingisha, ati mzee wako amebaki nyuma. Nilimrushia mkebe wa skrubu. Skrubu nilizitafuta mpaka jioni, na Omogaka hakunisaidia hata moja kuokota, lakini chai yangu siku hiyo ilikuwa na maziwa zaidi.

Sasa ile sakiti, maana ndiyo mnaulizwa kila siku na ndiyo najua mtajaribu kuiongezea vitu.

Omogaka alikuwa na sakiti moja aliipenda vile wengine wanapenda njiwa wao. Ilikuwa ya kupima joto. Hakuitengeneza kwa biashara. Alikuwa anaichezea nyumbani jioni, miaka kwa miaka, leo anaongeza hii, mwezi ujao anaongeza ile. Ndani kulikuwa na op-amp nne. Op-amp, kwa yule atasoma hii na haijui, ni kachip kanachukua umeme mdogo sana na kuukuza mpaka unaweza kusukuma sindano. Moja inatosha kazi nyingi. Yeye aliweka nne: mbili za kupokea, moja ya kutoa tofauti kati ya hizo mbili, na ya nne ya kusawazisha zile tatu zikigombana. Betri zilikuwa mbili, moja ya kwenda juu ya sifuri na moja ya kwenda chini. Halafu skrubu za kurekebisha, ndogo kama punje ya wimbi, zimejaa kila mahali. Ukigeuza hii, ile inahama. Ukituliza ile, hii inakasirika. Ilikuwa kama kikao cha ndugu wanagawana shamba.

Ilifanya kazi? Ilifanya. Ilikuwa tu lazima kila asubuhi uchukue bisibisi uirudishe sindano kwa mstari wake. Kesho unarudia.

Mama Nyaboke wa Nyamache akasikia habari yake. Huyu mama ana inkubeta kubwa ya mbao, inapashwa na taa, na kina mama wa huko wote wanamngoja awaangulie vifaranga. Ni shemasi kwa kanisa lile lile la Wasabato Omogaka anaenda, na anakaa kiti cha mbele yake. Akamsihi, Omogaka akampa ile mita, akafurahi sana, ilikuwa kama ameoza binti.

Mayai ya kwanza yalikufa yote. Mama akasema labda mayai yalikuwa mabaya. Ya pili yakafa pia, na alipopasua moja akakuta kifaranga kimeiva. Siku ya soko akatokea Daraja Mbili, akasimama kati ya ndizi na mitumba, mita ndani ya kikapu, akaongea na sauti ya kanisa lisilo na spika.

"Ondieki, mita yako ni mwongo."

"Mama, ilirekebishwa kila asubuhi?" Omogaka akauliza pole pole.

"Kila asubuhi."

"Hata Jumamosi?"

"Ondieki. Wewe uniulize mimi kama nilishika bisibisi siku ya Sabato?"

Hapo ndipo nilielewa, na Omogaka alielewa, na nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Kwa Mama Nyaboke, kugeuza mayai Sabato inaruhusiwa, ni kama kumpa ng'ombe maji. Kuongeza na kupunguza taa pia inaruhusiwa, yai ni kiumbe. Lakini bisibisi ni chombo cha fundi, na kazi ya fundi ingoje jua lizame. Mimi ni Mkatoliki, hayo sikugusa. Sasa, betri zikichoka sindano ilikuwa inashuka, ndiyo maana ya kuirekebisha kila asubuhi. Jumamosi hakuna wa kuirekebisha. Sindano inasema baridi, mama anaongeza taa. Sindano bado inasema baridi, mama anaongeza tena. Jua likizama, mayai ni ya kula na chumvi.

Omogaka alikuwa ametengeneza kitu ambacho yeye mwenyewe, siku moja kila wiki, dini yake haimruhusu kukitumia. Miaka yote hiyo hakugundua, kwa sababu Jumamosi yeye yuko kanisani na mita iko nyumbani imezimwa.

"Mama," nikaanza, "hiyo mita yako inataka tu mtu mwenye..."

"Makori, nyamaza," Omogaka akasema. Halafu kwa mama: "Nipe nafasi moja."

"Moja," akasema. "Nina mayai ya kundi zima la kina mama. Nayaweka Jumamosi hii jua likizama. Yakiiva hayo, inkubeta nafugia sungura, na kanisa yote itajua jina lako."

Kanisa ilikuwa imeshaanza kujua. Wiki hiyo niliona watu wanapita mbele yetu na redio kwapani wakiangalia upande wa ndizi. Watu aliowatengenezea vitu tangu wakiwa kwa mgongo wa mama zao. Nilikuwa nawaita kwa jina, wakubwa kwa wadogo, niwaulize kama ndizi ndiyo inatengeneza redio siku hizi. Omogaka alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Nikapiga picha ya ile sakiti nikaiweka kwa grupu ya simu, ile ya watu wanaochezea umeme nyumbani. Hapo ndipo niliona ujinga wa mwanadamu ukiwa umepangwa foleni. Mmoja akasema weka op-amp ya tano, ijirekebishe yenyewe. Mwingine akasema betri ziwe nne. Mwingine akasema weka kompyuta ndogo, na kioo, na itume ujumbe kwa simu, kama kwamba Mama Nyaboke atasoma ujumbe wa sakiti Sabato. Kuna mmoja alituma mchoro mkubwa mpaka simu yangu ikakwama. Watu wazima, wote wanaongeza. Hakuna hata mmoja aliandika "toa." Nikawaandikia maneno ambayo siwezi kurudia hapa, nikatoka.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia mwenyewe. Nilingoja anywe chai nusu.

"Omogaka, nataka kutoa skrubu kwa ile sakiti."

"Ipi?"

"Zote."

Akaweka kikombe chini. "Hiyo ya kulia, Makori, ilinichukua mvua yote ya mwaka ule."

"Najua."

"Na zikitoka utasawazisha na nini? Rozari?"

"Tukitoa vitu vyenye vinagombana, hakuna cha kusawazisha."

Mtu mwingine angenifukuza, na mtu mwingine angeambia soko nzima ati mwanafunzi amemdharau. Yeye akaleta mkebe mtupu wa majarini, akauweka katikati ya meza. "Vyangu visipotee," akasema.

Tukaanza kunyonyoa. Kwa nini op-amp zilikuwa nyingi? Kwa sababu vipima joto vyake vya zamani vilitoa tofauti ndogo sana, na hiyo tofauti ilikuwa inategemea betri. Mimi nilikuwa na sensa, kile kidude cha kuhisi joto, ya miguu mitatu, nimeitoa kwa mashine iliyokufa, ambayo inatoa umeme wake kulingana na joto na haijali betri imeshiba ama ina njaa. Nikaweka hiyo. Mara moja zile op-amp mbili za kupokea hazina cha kupokea. Ile ya kutoa tofauti haina tofauti. Ile ya kusuluhisha haina kesi. Nilibakisha moja tu, na rezista mbili za kuiambia ikuze mara kumi, ambazo nilizichagua kwa rundo nikipima moja moja mpaka nikapata moja iliyo mara tisa kamili ya mwenzake, ili kusiwe na skrubu ya kuzisaidia. Betri ya pili ilikuwa ya kupima chini ya sifuri. Nikamuuliza Omogaka ni nani Nyamache anaangua mayai kwa barafu. Akaitoa mwenyewe, akaiweka kwa mkebe kama mtu anazika paka.

Kila kitu kikianguka mle ndani kilikuwa kinalia ting. Sikupenda hiyo sauti. Nawaambia ukweli, ingekuwa sakiti ya mtu mwingine yeyote ningeimba.

Halafu ikakataa. Nilikuwa nimeweka kifaa cha kushusha umeme wa betri uwe volti tano safi, kwa sababu kila video kwa intaneti inaweka. Sindano ikapanda vizuri, thelathini, thelathini na tatu, ikafika thelathini na tano ikasimama. Nikashika sensa kwapani, thelathini na tano. Nikaiweka juu ya kikombe cha chai moto, thelathini na tano. Nikatukana mpaka mama wa mitumba akahamisha watoto. Tayari nilikuwa nafungua droo kutafuta chip nyingine ya kuongezea.

Omogaka akavuta miwani chini. Akacheka, mara ya kwanza tangu ile siku ya soko.

"Hiyo chip haigusi dari ya nyumba yake," akasema. "Lazima ibaki na volti moja na nusu juu ya kichwa. Umeijengea nyumba fupi."

"Basi niongeze..."

"Unaongeza nini? Si ulisema tunatoa?"

Akachukua chuma chake cha kamba ya katani, akatoa kile kifaa cha volti tano, akaunganisha waya moja kwa moja kwa betri kubwa ya sola, ile ya volti kumi na mbili kama iliyo kwa inkubeta ya mama. Chip inaweza, sensa inaweza. Sindano ikapita thelathini na tano bila kusalimia mtu. Sakiti ilikuwa imepungua tena, na ndiyo ilikuwa inafanya kazi.

Tulienda Nyamache kuifunga Ijumaa asubuhi, kabla mayai hayajawekwa. Tukaweka kipimajoto cha hospitali kando yake, vikakubaliana. Halafu mama akawasha feni ya inkubeta na sindano ikaanza kutikisika kama kwaya ya vijana. Mama akaniangalia mimi, akamwangalia Omogaka, akakunja mikono. Omogaka akafungua ule mkebe wa majarini, aliubeba, mimi hata sikujua, akatafuta kwa kidole, akatoa kapasita moja yake ya zamani, ya kutuliza umeme unaoyumba, akaifunga kwa waya za betri karibu kabisa na chip. Sindano ikatulia. Nilitaka kusema pia tungeweza kupitisha waya ya feni mbali. Nikanyamaza. Kuna wakati hata mimi nanyamaza.

Kwa hivyo mkiona mle ndani kapasita moja kubwa, nzee, haifanani na wenzake, msiitoe mkijifanya mnasafisha. Yeyote ataitoa nitamjua, na Nyamira si mbali.

Mayai yakaingia Jumamosi jua lilipozama. Sabato iliyofuata nikapiga simu.

"Makori, leo ni Sabato. Unataka nini?"

"Sindano iko wapi, Mama?"

"Iko pale."

"Pale wapi?"

"Pale iliachwa." Akakata.

Sabato nyingine ikawa hivyo hivyo. Ya tatu ndiyo ilikuwa ya kuangua, na mimi sikuweza kukaa. Nikaenda. Mama na Omogaka walikuwa kanisani, nikakaa nje ya chumba cha inkubeta, bisibisi mfukoni, kama mlinzi mjinga, maana hakukuwa na kitu hata kimoja cha kugeuza. Jina la Omogaka lilikuwa ndani ya lile sanduku la mbao na mimi siwezi kulisaidia. Hiyo ndiyo shida ya kitu kisicho na skrubu. Kikikosea, huna hata pa kujifanya unarekebisha.

Walikuja mchana, mama na kitambaa chake cha kichwa, Omogaka na koti na Biblia. Hakuna aliyenisalimia vizuri. Mama akainama kwa kile kidirisha cha kioo. Sindano ilikuwa kwa mstari wake. Yai moja lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu mdomo unapumua. Halafu lingine. Halafu ukisikiliza, sanduku yote ilikuwa inagongwa kutoka ndani.

"Hii mita imekuwa ndogo," mama akasema bila kuinuka. "Nani alitengeneza?"

"Omogaka," nikasema.

"Makori, usidanganye mbele ya shemasi," Omogaka akasema. "Yangu ni hiyo kapasita. Mengine yote huyu kijana alitupa."

"Na nani alinikalisha wiki nzima nikitoa vitu kwa bodi? Padri?"

"Mko kwangu," mama akasema, "mgombane polepole. Vifaranga vinasikia."

Nikamwambia basi apige simu sasa, awaambie watu vile aliwaambia ile siku nyingine.

"Nitawaambia."

"Simu ndiyo hiyo mezani."

"Hiyo ni maneno ya soko, Makori. Leo ni Sabato. Jua lizame."

Siku ya kumchafua Omogaka, mama alitoka Nyamache mpaka Daraja Mbili, soko imejaa, hakungoja jua wala mwezi. Ya kumsafisha sasa ndiyo ina masaa. Nikamwangalia Omogaka anisaidie kukasirika. Akasema, "Ako sawa," akauliza kama kuna chai.

Tukakaa. Nimengoja wateja wanaosema wako kwa kona na hawako, nimengoja stima irudi na mteja amesimama juu yangu, lakini sijaona kitu kizembe kama lile jua. Lilikaa juu ya migomba kama mgeni amesahau kuaga. Omogaka na mama waliongea habari ya mahubiri. Mimi nilikuwa naongea na jua, kimoyomoyo, maneno ya grupu.

Lilipoingia nyuma ya kilima, Mama Nyaboke akatoka nje akaangalia. Akarudi, akakaa kidogo, akatoka akaangalia tena. Halafu akafuta mikono kwa leso, akachukua simu, akampigia mwenyekiti wa kina mama na kuweka sauti ya kusikika na wote.

"Baba," akasema, maana kwa Kigusii chetu neno baba ndiyo mama, "vifaranga vimetoka. Ndiyo, wote wanalia, si unasikia? Mita ni ya Ondieki. Nilisema ni mwongo, na nilisema nikiwa soko, kwa hivyo siku ya soko nakuja kusimama pale pale kati ya ndizi niseme tena. Mje msikie."

Omogaka alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu. Alikaa hapo chini muda mrefu, na hakuna mtu alimharakisha. Viatu vyake vya kanisa havina kamba.